Pikipiki za Magurudumu Manne na Ziplaini katika Utalii wa Mara: Mambo ya Kufahamu Musoma, Bunda na Butiama

Likizo inayounganisha safari ya pikipiki za magurudumu manne nje ya barabara na mchezo wa kuteleza kwenye waya juu ya miti au mabonde, maarufu kama ziplaini, ni sehemu ya biashara ya utalii wa matukio katika nchi nyingi za joto. Asubuhi mgeni huendesha pikipiki kwenye njia za vumbi, na mchana huning'inia kwenye waya wa chuma akivuka bonde kwa sekunde chache. Wageni wa aina hii hawatafuti wanyamapori peke yao. Hutafuta pia mwendo, mandhari na msisimko.

Kwa Mkoa wa Mara, wenye Ziwa Victoria upande wa magharibi na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa mashariki, aina hii ya utalii inagusa swali la ardhi kabla ya swali la burudani. Ndani ya Serengeti vyombo vya moto haviruhusiwi kuacha barabara zilizowekwa. Kwa sababu hiyo, njia yoyote ya pikipiki za magurudumu manne katika eneo hili itapita nje ya hifadhi, yaani kwenye ardhi ya vijiji, malisho, mashamba na vilima ambavyo wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama huvitumia kila siku. Wananchi hao ndio wenye kauli ya kwanza kuhusu mahali pa kupitisha njia hizo, na ndio watakaobeba hasara endapo njia zitachorwa vibaya.

Makala haya yanaeleza michezo hiyo miwili, uzoefu wa nchi za Afrika Mashariki, mazingira ya Mara, sheria zinazohusika, pamoja na mambo ya usalama ambayo kijiji, mwekezaji na mgeni wanapaswa kuyazingatia.

Michezo miwili, hatari mbili tofauti

Pikipiki ya magurudumu manne ni chombo chenye matairi mapana yanayojazwa upepo kidogo ili yashike ardhi laini, mchanga na mawe. Dereva hukaa kama anayepanda farasi na huongoza kwa usukani wa mkono. Aina nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Uzito wake, ambao kwa kawaida huzidi kilo 200, ndio unaoifanya kuwa ya hatari inapopinduka, kwa kuwa humwangukia aliyeiendesha.

Chombo hiki kilitanguliwa na pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo kampuni ya Honda ilianza kuiuza Marekani mwaka 1970. Miaka ya 1980 kampuni ya Suzuki ilileta aina ya magurudumu manne. Ajali nyingi za magurudumu matatu, ambazo ziliwaumiza pia watoto, zilisababisha Serikali ya Marekani kufikia makubaliano na watengenezaji mwaka 1988, na uuzaji wa vyombo vipya vya aina hiyo ukasitishwa. Gurudumu la nne liliongeza uthabiti, lakini halikuondoa hatari ya kupinduka.

Ziplaini ina asili tofauti. Watu wa milimani katika sehemu mbalimbali za dunia walitumia kamba na kapi kuvuka mito na makorongo kwa karne nyingi. Matumizi yake ya kitalii yanahusishwa na misitu ya Costa Rica, ambako katika miaka ya 1970 watafiti wa viumbe, akiwemo Donald Perry, walitumia kamba kufika kwenye vilele vya miti mirefu. Baadaye mbinu hiyo iligeuzwa kuwa biashara ya wageni.

Ziplaini ya kisasa ina waya wa chuma uliosokotwa, nguzo au mwamba wa kufungia kila upande, majukwaa mawili, kapi linaloteleza juu ya waya, mikanda ya kumfunga mtu mwilini na breki upande wa kufikia. Mteremko wake huwa mdogo kuliko wengi wanavyodhani: mara nyingi ni kati ya mita 3 na 6 kwa kila mita 100. Mtu mzito hufika kwa kasi kubwa, na mtu mwepesi anaweza kukwama katikati. Upepo wa mbele hupunguza mwendo, ilhali upepo wa nyuma huuongeza. Kwa hiyo uzito wa kila mteja na hali ya upepo hupaswa kupimwa kabla ya kumruhusu kuondoka jukwaani.

Tofauti kati ya michezo hii ni ya msingi. Kwenye pikipiki, usalama unategemea sana uamuzi wa mgeni mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeongoza chombo. Kwenye ziplaini mgeni hana la kuamua akishaondoka. Maisha yake yako mikononi mwa aliyebuni mtambo, aliyeukagua asubuhi na aliyemfunga mikanda.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Mfano wa karibu wa kuunganisha michezo hii upo Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Barabara hiyo hupita katika Msitu wa Mabira, ambako wageni huteleza kwenye waya juu ya miti katika eneo la maporomoko ya Griffin. Mwendo mfupi mbele, kandokando ya Mto Nile karibu na Jinja, hufanyika safari za pikipiki za magurudumu manne zinazopita kwenye njia za vijijini na mashamba. Mgeni anaweza kufanya yote mawili katika safari moja.

Jinja ina funzo jingine. Mji huo ulijulikana kwanza kwa utalii wa kuendesha mitumbwi ya mpira kwenye maporomoko ya Nile. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali yalikuwa yamefunikwa na maji, na safari za mitumbwi zikahamia chini zaidi ya mto. Michezo ya nchi kavu, zikiwemo pikipiki, ilikuwa tayari sehemu ya shughuli za mji. Eneo linalotegemea kivutio kimoja hutikisika kivutio hicho kinapobadilika, na lenye vivutio kadhaa hupata pa kushika.

Kenya ina ziplaini katika Msitu wa Kereita, Kaunti ya Kiambu, ambako mchezo huo unafanyika ndani ya msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Serikali. Zanzibar ina safari za pikipiki za magurudumu manne katika vijiji vya ukanda wa kaskazini na mashariki mwa Unguja, ambako njia hupita kati ya mashamba, vichaka vya ardhi ya mawe na makazi ya watu.

Tanzania Bara ina njia ya kutembea juu ya miti katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyofunguliwa mwaka 2017 na yenye urefu wa mita 370. Rwanda ilifungua njia kama hiyo katika Msitu wa Nyungwe mwaka 2010, yenye urefu wa mita 160. Njia hizi si ziplaini, kwa kuwa mgeni hutembea kwa miguu, lakini zinatumia misingi ileile ya uhandisi wa nyaya, nguzo na ukaguzi. Pia zinaonesha kwamba ndani ya maeneo ya hifadhi, shughuli ya kimya inayomwinua mgeni juu ya ardhi hukubalika kwa urahisi kuliko chombo chenye injini kinachokanyaga ardhi hiyo.

Ramani ya Mara: palipofungwa na panapofaa

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Ukanda wake wa magharibi unanyoosha kuelekea Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na Lango la Ndabaka lipo kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Magari ya watalii ndani ya hifadhi hufuata barabara zilizowekwa na kikomo cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Katazo la kuacha barabara linalinda nyasi, udongo na wanyama. Udongo mweusi wa mbuga katika ukanda huo ukikanyagwa wakati wa mvua hubaki na makovu ya matairi kwa muda mrefu, na kila kovu huwa mfereji wa maji.

Kaskazini mwa ukanda huo yapo mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa mwaka 1994. Nayo yanalindwa na sheria ya wanyamapori, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kibali. Mwekezaji anayefikiria njia ya pikipiki wilayani Bunda anapaswa kwanza kuifahamu mipaka hii kwenye ramani rasmi na ardhini, kwa kuwa kichaka kinachoonekana hakina mwenyewe kinaweza kuwa ndani ya pori la akiba.

Vijiji vya Bunda vinavyopakana na maeneo hayo vinaishi na changamoto ya tembo wanaotoka hifadhini na kuvamia mashamba. Mlio wa injini karibu na kundi la tembo ni hatari kwa dereva, na pia kwa mkulima ambaye kundi hilo litakimbilia shambani kwake. Njia za upande huu zinahitaji saa maalumu za matumizi zinazoisha kabla ya jioni, mawasiliano na askari wa wanyamapori, na utaratibu wa kusitisha safari tembo wanapoonekana. Hali ni hiyo hiyo katika msimu wa nyumbu wanaohama, ambao kwa kawaida hupita ukanda wa magharibi kati ya Mei na Julai.

Musoma ina sura nyingine. Manispaa hiyo, makao makuu ya mkoa, ipo kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria, na imezungukwa na vilima na miamba mikubwa ya matale. Miamba na miinuko ya namna hii inaweza kufaa kwa ziplaini fupi zinazotazama ziwa, mradi mhandisi apime kama mwamba husika ni sehemu ya ardhi au ni jiwe lililokaa juu tu. Ufukwe wenyewe haufai kwa pikipiki. Ndiko wavuvi wanakovuta mitumbwi, ndiko dagaa wanakoanikwa, na ndiko watoto wanakochota maji. Aidha, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa au mto. Jukwaa la ziplaini na maegesho ya pikipiki ni ujenzi, hivyo vinaguswa na sharti hilo.

Butiama, iliyokuwa wilaya kamili mwaka 2012, ina uzito wa kihistoria. Ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na ndipo alipozikwa Oktoba 1999, katika eneo la Mwitongo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa hapo Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Wanaofika Mwitongo huja kwa ziara ya heshima: kuona kaburi, makazi na kumbukumbu za Baba wa Taifa. Milio ya pikipiki haiendani na mahali hapo. Mpango wowote wa michezo ya kusisimua wilayani humo unapaswa kuwa mbali na Mwitongo na mbali na misitu ya jadi ambayo Wazanaki wameitunza kwa mila zao. Mgeni anaweza kufanya ziara ya Mwitongo asubuhi kwa utulivu wake, kisha akaenda kwenye michezo katika eneo jingine.

Uamuzi unaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unawahusisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Makubaliano ya mwekezaji na mwenyekiti peke yake, hata yakiandikwa na kugongwa muhuri, hayachukui nafasi ya uamuzi wa mkutano huo. Kwa upande wa mwekezaji asiye raia, sheria za ardhi zinamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa utaratibu maalumu, na si kwa kugawiwa moja kwa moja na kijiji.

Njia ya pikipiki ina ugumu wake, kwa kuwa ni ukanda mrefu badala ya kiwanja. Njia ya kilomita 20 inaweza kukatiza vijiji vitatu, mapito ya mifugo, chanzo cha maji na mashamba ya pamba au mihogo. Kila kijiji kinapaswa kufikia uamuzi wake. Mambo yanayostahili kuwekwa wazi katika mkutano kabla ya kupiga kura ni haya:

- njia itapita wapi hasa, na itaoneshwa kwa alama gani ardhini;
- itatumika siku na saa zipi, na itafungwa msimu gani;
- ni vyombo vingapi kwa wakati mmoja, na kwa mwendo gani karibu na nyumba na shule;
- kijiji kitalipwa kiasi gani, kwa kigezo gani, na kwenye akaunti ipi;
- nani atalipa mazao yakikanyagwa au mfugo ukigongwa, na ndani ya siku ngapi;
- mkataba utakwisha lini, na kijiji kinaweza kuuvunja kwa sababu zipi;
- mtambo na nguzo zitaondolewa na nani biashara ikifungwa.

Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuingia kwenye muhtasari wa mkutano na kwenye mkataba ulioandikwa. Malipo kwa kila mgeni au kila safari ni rahisi kuhakikiwa, kwa kuwa kijiji kinaweza kuweka mtu wake wa kuhesabu. Malipo ya asilimia ya faida ni magumu kufuatilia kwa kijiji kisichoona vitabu vya kampuni. Mapato yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato mengine ya kijiji.

Katika Manispaa ya Musoma na Halmashauri ya Mji wa Bunda, mamlaka za miji na mitaa ndizo zinazohusika na mipango ya matumizi ya ardhi. Halmashauri za wilaya za Musoma, Bunda na Butiama ndizo zinazovisimamia vijiji vilivyo katika maeneo yao.

Vibali vinavyohitajika

Ridhaa ya kijiji haitoshi peke yake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara ya utalii iwe na leseni inayotolewa chini ya wizara yenye dhamana ya maliasili na utalii. Kazi ya kuongoza watalii imetengwa kwa Watanzania, jambo linalowapa vijana wa Mara nafasi ya ajira iwapo watapata mafunzo mapema.

Upande wa mazingira, mwekezaji anapaswa kuusajili mradi kwa mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira ili ielekezwe kama unahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kwa kiwango gani. Tathmini hiyo hushirikisha wananchi, na maoni yao huingia kwenye taarifa. Mradi ukigusa msitu wa hifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) huhusika, na ukigusa pori la akiba, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ndiyo yenye dhamana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi na kulinda afya ya wafanyakazi pamoja na watu wengine wanaoathiriwa na shughuli zake. Usimamizi wa sheria hiyo upo chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Pikipiki ya magurudumu manne inayoingia kwenye barabara ya umma, hata kwa kuikatiza tu, inabanwa na sheria za barabarani: inapaswa kusajiliwa, kuwa na bima, na kuendeshwa na mwenye leseni. Zaidi ya sheria, chombo hiki hakikuundwa kwa lami. Matairi yake laini hushika lami bila mpangilio na kukifanya kiyumbe kwenye kona. Barabara ya Mwanza hadi Musoma na Sirari ina mabasi na malori yanayokwenda kwa kasi. Waendeshaji wa safari hizi wanapaswa kubeba pikipiki kwenye gari hadi mwanzo wa njia ya vumbi.

Kanuni za usalama kwenye pikipiki

Sababu kubwa ya vifo katika pikipiki hizi ni kupinduka, na kinachofuata ni kugonga au kutupwa. Hatari hizo hupungua kwa hatua zinazofahamika:

- kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, viatu vilivyofunika kifundo, suruali ndefu na miwani ya vumbi kwa kila dereva;
- mtu mmoja kwa chombo kimoja, isipokuwa chombo kilichoundwa kwa watu wawili;
- mazoezi kwenye uwanja tambarare kabla ya kuingia njiani, yakiwemo kusimama ghafla, kupanda na kushuka mteremko;
- kiongozi mmoja mbele na mwingine nyuma, na umbali wa kutosha kati ya chombo na chombo ili vumbi lisimfunike dereva;
- kutoendesha kabisa baada ya kunywa pombe.

Kuhusu watoto, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inashauri asiyetimiza miaka 16 asiendeshe chombo cha watu wazima. Ushauri huo unafaa kufuatwa popote, bila kujali mzazi amesaini fomu gani.

Msimu nao una sauti. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huifanya ardhi ya mbuga kuwa tope linalonasa. Madereva hukwepa tope kwa kuchepuka pembeni, na njia ya mita mbili hugeuka kuwa ya mita kumi ndani ya mashamba ya watu. Kufunga njia katika miezi hiyo ni sehemu ya gharama ya biashara.

Kanuni za usalama kwenye ziplaini

Mtambo wa ziplaini huanza kwa mahesabu ya mhandisi kuhusu uzito, mvutano wa waya, uimara wa nguzo na nafasi iliyo wazi chini na pembeni ya mteja. Mtu aliyezoea kufunga nyaya za umeme au za simu hawezi kuchukua nafasi hiyo. Mti hai unaotumika kama nguzo unahitaji kupimwa na mtaalamu wa misitu mara kwa mara, kwa kuwa unaweza kuoza ndani huku gome likionekana zima.

Baada ya ujenzi, usalama hutegemea nidhamu ya kila siku. Kabla ya mteja wa kwanza, mfanyakazi hupita mtambo mzima, hutazama nyuzi za waya zilizokatika, kutu, mikanda iliyochakaa na kapi zilizolika, kisha huandika na kusaini kwenye daftari. Ukaguzi wa kina hufanywa angalau mara moja kwa mwaka na mtaalamu asiye mwajiriwa wa kampuni. Kila mteja huunganishwa na waya kwa viungo viwili vinavyojitegemea, ili kimoja kikishindwa kingine kimshike. Mfanyakazi mmoja humfunga mteja, na wa pili humkagua. Breki ya upande wa kufikia lazima iwe na ya akiba, na haitoshi kumtegemea mteja ajizuie kwa mkono wake.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Waya wa chuma uliotandazwa kileleni na wateja waliofungwa kwenye majukwaa marefu ni mahali pa hatari wingu linapokaribia. Ngurumo ikisikika, kazi husimama na watu hushuka, hata kama foleni ni ndefu na fedha zimekwisha kulipwa.

Kwa michezo yote miwili, Shirika la Kimataifa la Viwango limetoa mwongozo mahususi wa utalii wa matukio. Kiwango cha ISO 21101 cha mwaka 2014 kinahusu mfumo wa usimamizi wa usalama, na ISO 21103 cha mwaka huo huo kinahusu taarifa anazopaswa kupewa mshiriki kabla ya kuanza. Mwekezaji makini anaweza kuvitumia kama kipimo cha kazi yake.

Kuunganisha shughuli kwa mpangilio sahihi

Musoma, Bunda na Butiama zinafikika kwa barabara kuu ya lami, na Butiama huingiliwa kwa kuchepuka njia panda ya Makutano. Ukaribu huo unamwezesha mgeni kulala mahali pamoja na kufanya shughuli kadhaa kwa siku mbili au tatu. Mpangilio mzuri huanza na pikipiki asubuhi, jua likiwa bado dogo na dereva akiwa na nguvu. Ziplaini huja baadaye, baada ya mapumziko na maji ya kutosha, na kabla ya upepo na mawingu ya alasiri. Kuchanganya yote kwa haraka ili kupata wateja wengi zaidi huzaa uchovu, na uchovu huzaa makosa kwa mgeni na kwa mfanyakazi.

Mpango wa dharura unapaswa kuwepo kabla ya mteja wa kwanza: nani anatoa huduma ya kwanza, gari gani linamchukua majeruhi, linapita njia ipi wakati wa mvua, na simu inashika wapi njiani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Musoma, na kila njia inapaswa kupimwa kwa muda halisi wa kuifikia. Kwa ziplaini, wafanyakazi wanapaswa kufanya mazoezi ya kumwokoa mtu aliyekwama katikati ya waya, kwa kuwa mtu aliyening'inia kwenye mikanda bila kusogea anaweza kupoteza fahamu.

Maswali ya mgeni kabla ya kulipa

Mgeni, awe Mtanzania anayetalii nchini mwake au mgeni kutoka nje, ana haki ya kuuliza na kuoneshwa leseni ya biashara ya utalii, bima inayomhusu mteja, tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa mtambo, umri na uzito unaoruhusiwa, na ridhaa ya kijiji ambamo njia inapita. Anapaswa kusoma fomu kabla ya kuisaini. Fomu ya kukubali hatari haimwondolei mwendeshaji wajibu wake wa kisheria wa kutunza mtambo na vyombo. Mwendeshaji anayekasirishwa na maswali hayo, au anayemharakisha mteja kupanda, anastahili kuachwa.

Kwa upande wa wananchi, anayeona pikipiki zikipita shambani kwake bila makubaliano, au mtambo ukijengwa bila mkutano wa kijiji kuitishwa, aanzie kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, kisha kwa halmashauri ya wilaya. Malalamiko yaandikwe, yatajwe tarehe na mahali, na nakala itunzwe. Kijiji chenye muhtasari, mkataba na ramani ya njia kina msingi wa kudai haki yake. Visipokuwepo, kijiji hubaki na vumbi na makovu ya matairi baada ya wageni kuondoka.